Fomu Iliyoamkia Kila Sanduku

Jumatatu, 7 Juni 2004
Fomu ya kompyuta ya kujiunga na kikundi chetu cha wakulima wa kahawa imekamilika. Ina maua ya mibuni pembeni! Norbert, karani mwenzangu, naye katengeneza yake. Kavu, haina hata ua. Ijumaa meneja wetu, Mama Dorothy, atachagua moja, na mwenye fomu atakuwa mkuu wa kompyuta Mbinga nzima. Yaani mimi.

Jumanne, 8 Juni
Balaa. Kaja Mwalimu Walburga wa Kigonsera, haoni, na kompyuta yake inayosoma kwa sauti. Mwaka jana shemeji yake alimjazia fomu, akajiandika yeye ndiye mwenye shamba. Mibuni ya Mwalimu, kura ya shemeji! Mwaka huu anajaza mwenyewe.

Akafungua fomu yangu. Kwenye vidoti vya kujazia, mashine ikasema "doti" mara sitini. Kwenye masanduku, kimya. Akauliza kwa upole jina aandike wapi. Nikamjibu penye rangi nyekundu. Mdomo huu!

Lakini vidole vyake! Hagusi kipanya. Mashine inasoma mbio, mimi nasikia nyuki tu, yeye anaelewa yote. Nilishangaa hadi nikasahau chai.

Jumatano, 9 Juni
Kanieleza: mashine husoma herufi tu, picha haizioni; kila sanduku lipewe jina lisiloonekana, mashine italitamka. Rahisi. Lakini kumwambia mwalimu "Jina" kavukavu hivyo? Mimi nimelelewa. Nimeandika: "Shikamoo Mwalimu, naomba jina lako." Masanduku yote arobaini, shikamoo.

Alhamisi, 10 Juni
Mashine ikaamkia kwa lafudhi ya padre mgeni. Mwalimu akaitikia marahaba. Sanduku la pili, shikamoo. Marahaba. Kufika la kumi, Norbert yuko chini ya meza anacheka. Mwalimu hakuacha hata moja. Kisha mashine ikamsomea: Walburga Ndunguru, mwenye shamba. Akairudisha isome tena. Machozi yalinitoka, nakiri. Hata Norbert alitoka chini ya meza.

Akanishukuru, akaniomba nipunguze shikamoo.

Ijumaa, 11 Juni
Mama Dorothy kachagua ya Norbert. Ati majina ya masanduku yake ni mafupi. Kaniibia ujuzi!

Sasa wavuvi wa Ngumbo, kule ziwani, wanataka fomu. Safari hii haibi mtu. Nimeigeuza fomu nzima kuwa picha moja, ziwa linameremeta nyuma, herufi hazigusiki. Naipeleka kwanza kwa Mwalimu Walburga. Akiiona tu, hataamini macho yake.