Vita vya Volti Tano Nyumbani kwa Plasidi

Tueni mizigo, enyi wapita njia ya kale itokayo pwani hata Ujiji! Tueni, mketi, mlisikie tendo la Advera binti Gerson, fundi redio wa Ng'ambo, mfuga nyaya, mvunja kiburi cha spika, siku aliyokwenda kuyapigania mayai kumi na manane.

Kitotoleshi cha Plasidi, lile sanduku la kuangulia vifaranga, kilikuwa kimepoa tangu alfajiri, na mayai yalibakiza siku moja tu yaanguliwe. Mkewe, Esperansi mwenye subira, akajilaza kitandani, akayapanga mayai ubavuni na kwapani, akajifunika mablanketi matatu, akaapa kutoinuka.

"Shikamoo, mama," Advera akasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Usinione sina adabu, siinuki. Nimeatamia."

Ndipo shujaa akaifungua osiloskopu yake, kipima mawimbi ya umeme, kutoka ndani ya kitenge, akaigusisha ncha ya waya wake wa kupimia penye triga, pale umeme unapoamriwa kuwasha taa ya joto. Mawimbi yakakimbia kiooni ovyo, kama wapagazi wasio na kirangozi wa kuwaongoza! Akazungusha kitufe, yakasimama safu moja. Lakini ole, zilizotakiwa zilikuwa volti tano, na iliyoonekana ilikuwa nusu volti.

"Chipu ya kutoa amri imekufa," akatangaza kwa huzuni. "Nyingine ni ya kuagiza Dar es Salaam. Siku tatu."

Plasidi akashika kichwa. "Siku tatu! Mama Modesti, utaweza?"

"Baba Modesti, hata msalani sijaenda." Kisha Esperansi akamgeuzia fundi shingo, maana shingo tu ndiyo iliyokuwa huru. "Miaka ishirini nauza karanga sokoni. Hesabu ikinikataa, siulizi karanga, nauliza kopo la kupimia. Fundi, hicho kidude umekiweka kipimo gani?"

Advera akatazama. Swichi ndogo ya ule waya wa kupimia ilikuwa penye mara kumi, na osiloskopu ilihesabu mara moja, hivyo kila volti ilionekana sehemu yake ya kumi tu. Haya ikampanda hadi masikioni. Akairekebisha, na tazameni, volti tano kamili!

"Triga ni nzima!" akanguruma. "Adui yuko mbele yake!"

Mbele ya triga hapakuwa na kitu ila taa. Akaigusa, ikacheza kwenye soketi.

"Niliifungua jana usiku," Plasidi akasema, akiangalia miguu yake. "Niliifuta vumbi. Sikutaka vifaranga wazaliwe kwenye uchafu."

Binti Gerson akainua mkono wake wa kuume, akaikaza taa nusu mzunguko, na nuru ikajaa sandukuni!

Plasidi akaruka, akapiga makofi, akapaza sauti hata majirani wakatoka nje. "Na iandikwe, wajukuu wasome! Saa tano na robo asubuhi, hapa Ng'ambo, Advera binti Gerson aliikaza taa ya wati sitini!"

"Punguzeni kelele," Esperansi akasema toka blanketini, machozi yakimlengalenga. "Kuna mmoja analia huku kwapani."