Sabuni ya Majivu ya Keko

Jumamosi, 12 Julai

Mikono ya Apolonia imepasuka tena. Leo alishindwa kukanda unga wa chapati. Chumvi ilimwingia kwenye nyufa, akasonya, akanisukumia beseni. Nikakanda mimi. Chapati zilitoka ngumu kama soli za kandambili. Tulizila hivyo hivyo.

Mke wangu anafulia watu. Ana wateja sita hapa Kiwalani, na mkubwa wao ni kwaya ya parokia: kanzu ishirini na mbili, nyeupe pe. Jumapili ya tarehe 27 ni sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Mwalimu Leonardi, kiongozi wa kwaya, ameshasema kanzu zisipofika Jumamosi zikiwa zinang'aa, kazi inahamia kwa dobi mwenye mashine. Apolonia anaipenda kazi hii kuliko zote. Akifua zile kanzu anaimba sauti ya kwanza mwanzo mpaka mwisho, na hata mimi huzima redio.

Sasa, kinachomla mikono ni sabuni ya unga. Nimeamua! Nitamtengenezea sabuni ya asili, hapa hapa uani, isiyochoma, kabla kanzu hazijaja. Sijamwambia. Iwe sapraizi.

Niseme na jingine, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Gaspar naye anachangia. Gaspar ni mpangaji mwenzetu, mlango wake unatazamana na wetu. Alikwenda semina ya siku mbili ya kutengeneza sabuni ya maji, akarudi na cheti, akakitundika juu ya televisheni. Mlango anauacha wazi kutwa. Makusudi kabisa.

Jumapili, 13 Julai

Nimempigia shangazi Marietha kule Mbinga. Anaijua sabuni ya zamani. Unachukua majivu ya maganda ya ndizi, unayaweka kwenye ndoo yenye matundu chini, ndani umetandika nyasi kavu za kuchujia. Unamwagia maji taratibu. Kinachodondoka ndicho kikali, ndicho unachopika na mafuta. Ukitaka kujua kimekolea, tumbukiza yai. Likielea, kimekolea.

Akauliza kwani huko Dar maduka yamefungwa. Nikamwambia ni ishu ya mapenzi. Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Ganda la ndizi Kiwalani hulioni. Mbuzi wameshaliwahi. Lakini mimi ni fundi msasa, nalainisha meza na vitanda vya watu Keko, na Keko majivu ya mbao yamejaa kila karakana. Tena ya bure. Shangazi hana Keko yake kule Mbinga, ndiyo maana anahangaika na ndizi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi na kiroba cha majivu. Nyasi sikupata, nikachukua maranda yaliyobaki chini ya randa yetu: ya mninga, makavu, yananukia vizuri. Nimeyatandika mengi, ili kuchuja kuwe kwa uhakika. Apolonia akauliza ndoo yake ya maji ya kunywa imetobolewa na nani. Nikasema atajua tu. Akasema ameshajua.

Maji yakaanza kudondoka. Mekundu kama chai ya rangi! Hiyo ni nguvu. Shangazi hakunitajia rangi, nadhani yake haikuwahi kufikia kiwango hiki.

Yai likazama. Nikayapitisha maji kwenye majivu mara ya pili. Likazama. Mara ya tatu nikabadilisha yai, nikachukua la siku nyingi. Likaelea.

Jumatano, 16 Julai

Nimepika. Mafuta nimepewa na muuza chipsi wa kona, yale yaliyochoka. Nimekoroga kuanzia nilipotoka kazini mpaka mkono ukafa ganzi. Ua mzima ukanuka chipsi. Watoto watatu wa jirani wakaja na sahani.

Gaspar naye akaja, kandambili zake zikiburuzika. Akasimama mikono nyuma kama mkaguzi. Akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba kwenye semina walifundishwa kuvaa glavu, na kwamba sabuni mpya lazima ijaribiwe kwanza kwenye kitambaa cheupe. Nikamshukuru. Nikamwambia mababu zetu hawakuwa na vyeti na walikuwa wasafi. Akasema sawa braza, akarudi kwenye mlango wake wazi.

Kitambaa cheupe! Kwanza sina. Pili, nikifanya hivyo itaonekana ni sabuni ya Gaspar.

Jumamosi, 19 Julai

Haikuganda. Nilikuwa natarajia miche, niikate kwa msumeno wa kazini. Imebaki uji mzito wa kahawia. Hakuna neno, uji unachoteka kirahisi. Nimeiita Mikono Laini. Nimeandika jina kwenye ndoo kwa kalamu ya seremala.

Nimeijaribu kwenye ovaroli langu la kazini, ambalo ni la kahawia. Limetakata ajabu! Halina hata alama. Nimenawa nayo mikono pia. Inawasha kidogo mwanzoni, halafu unazoea.

Jumatano, 23 Julai

Kanzu zimekuja. Ishirini na mbili, nimezihesabu. Na saa hiyo hiyo ikaja simu: msiba Ukonga, mama mkwe wa dada yake Apolonia. Lazima aende, alale huko, arudi Ijumaa asubuhi. Atafua akirudi. Jua la Julai litazikausha siku hiyo hiyo, alisema.

Akaniambia kanzu nisiziguse. Akaniambia tena akiwa getini. Mtu akisema jambo mara mbili ana wasiwasi, na mke mwenye wasiwasi, tena aliyefiwa, anahitaji kusaidiwa. Nilimtazama akiondoka na kanga yake, vidole viwili amevifunga plasta. Nikaona huruma kweli. Huyu akirudi akute kanzu zimeshanyooshwa, atakaa chini, atapumzika, ataniangalia kwa jicho la zamani.

Alhamisi, 24 Julai

Sikwenda kazini. Nimeamka na furaha. Nimezitia kanzu zote kwa mpigo kwenye mabeseni manne, Mikono Laini tele, nikaziloweka nikanywe chai.

Ee Mungu wangu.

Mninga ukinyeshewa unatoa maji mekundu. Unachafua sakafu, unachafua ukuta, shati la mteja likiugusa ukiwa mbichi ndiyo basi tena. Kila mtu Keko anajua. Hata wauza kahawa wanajua. Na mimi najua! Nimeshawaonya wateja wasiache meza mvuani. Ila siku zote nilikuwa nawaza meza, sikuwaza maranda ya kuchujia sabuni.

Nimesuuza mara nne. Zimetoka rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Nikazianika, nikiamini jua litazifuta. Jua likazikausha na rangi ile ile. Kanzu ishirini na mbili zimepangana kwenye kamba, zinanuka chipsi.

Gaspar alifunga mlango wake. Mara ya kwanza tangu semina. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 25 Julai

Apolonia amerudi saa mbili asubuhi. Aliziona kutoka getini. Hakupiga kelele. Alipita chini ya kamba, akaigusa moja, akainusa. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: ni mimi au ni Gaspar?

Nikautazama kwanza mlango wa Gaspar.

Nikasema ni mimi. Nikamwambia yote: chapati, nyufa, shangazi, mninga. Nikamwambia nilitaka mikono yake ipone. Apolonia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alilia kwa ajili ya kwaya. Alisema kila Jumapili anapoziona zile kanzu zinaingia kanisani anajua zile ni zake, na watu wote wanazitazama bila kujua. Miaka kumi na saba ya ndoa, sikuwahi kulisikia hilo. Nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu.

Halafu akanyanyuka. Maji ya moto, ndimu, dawa ya kung'arisha nguo. Dawa ile ni kali, inachoma hata mkono mzima, seuze ule. Gaspar akatoka na galoni la sabuni yake na glavu zake za semina. Apolonia akazivaa, zikapasuka kwenye kanzu ya tano, akaendelea bila glavu. Gaspar akaketi kando yake, akafikicha kola. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji. Nimeteka ndoo thelathini na mbili. Kila nikirudi natazama mikono yake, kila mara imekuwa myekundu zaidi, na hakuimba hata ubeti mmoja.

Sabuni ya Gaspar ina povu zuri. Naliandika hili mara moja tu.

Jumamosi, 26 Julai

Kanzu ishirini na moja zimerudi nyeupe. Moja imegoma. Tumezipeleka sote watatu. Mwalimu Leonardi alizipitia moja moja, roho zetu zikiwa mkononi. Akafika kwenye ile moja. Akaitazama. Akanitazama mimi, na ovaroli langu. Akasema kuna besi mmoja anasimama nyuma ya nguzo, huyo ataivaa. Akamwambia Apolonia mwezi ujao zitakuja tena kama kawaida, ila zisibaki na mtu mwingine nyumbani.

Apolonia akasema asante Mwalimu. Njiani akanishika kiwiko, kwa sababu kiganja hawezi.

Jumapili, 27 Julai

Misa ilipendeza. Kwaya iliingia, na Apolonia akanyoosha shingo kuitazama. Nikamtazama yeye. Watu walipopiga makofi alishindwa, mikono ilikuwa imefungwa kitambaa, ikabidi apige vigelegele tu. Nikapiga makofi ya watu wawili.

Mchana nilimchambulia samaki miiba na kumlisha. Nilimega tonge dogo dogo. Akasema ameiona nia yangu, nia ilikuwa nzuri. Akasema pia kwamba nikitengeneza sabuni tena nyumbani kwake nitakwenda kuiuzia Mbinga kwa shangazi. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, nikiwa bado na suti ya kanisani. Sabuni basi, maisha yangu yote.

Akacheka. Nikawa na raha ambayo sijawa nayo mwaka huu.

Jumatatu, 28 Julai

Ahadi ni ahadi. Nimemwaga Mikono Laini yote kabla ya kwenda kazini.

Ila leo nimezungumza na Didas, tunayepiga naye msasa, mkazi wa Ukonga. Anasema dawa ya mikono iliyopasuka ni nta ya nyuki. Unaipaka, siku tatu mkono unakuwa wa mtoto mchanga. Na nta si sabuni. Nimelichunguza neno hilo kwa kila upande, nta haina hata harufu ya sabuni.

Didas anaweza kunipatia nyuki wenyewe, kundi zima, wamejishikiza kwenye paa la karakana na mwenye karakana anataka waondoke. Ni wapole sana, anasema, ukiwabeba asubuhi na mapema ndani ya kiroba. Mzinga nitauunda mwenyewe Jumamosi, Apolonia akiwa sokoni.

Nitauweka juu ya bati, upande wa Gaspar. Yeye mlango wake huwa wazi, atapata hewa na asali.