Misumari Mdomoni na Boksi la Kilo Tano

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika wenye nyumba watatu waliotaka kunifukuza kwenye kibanda changu cha viatu. Nimemzika na daktari aliyenikataza sukari. Makubazi ya plastiki yalikuja kuua kazi yangu. Yamekatika, mimi nipo, na aliyeyashona ni mimi! Shule niliishia darasa la tatu, lakini daftari zima nimelijaza, leo naanza la pili. Daftari ni rafiki mzuri. Halina mdomo.

Leo mjukuu wangu kapiga simu! Mwanajeshi yule! Mwezi wa saba huu yuko jangwani, nchi ya watu, analinda amani. Mke wangu akaweka spika. Mjukuu kauliza magoti ya bibi yake. Kauliza kikohozi cha Mzee Futikamba, babu yake wa upande wa mama. Kauliza paka. Paka! Mimi nimekaa hapo hapo kwenye kiti, nikakohoa mara mbili ajue nipo. Hakuniuliza.

Mke wangu kasema ningefungua kinywa. Mimi? Aliyeondoka bila kuniaga ni nani? Ni kweli alikuja kibandani asubuhi ile, akagonga. Lakini nilikuwa na misumari mdomoni. Fundi viatu mwenye misumari mdomoni haagi mtu. Hilo kila mtu analijua.

Zamani alikuwa akiniita mume wangu, utani wa babu na mjukuu. Futikamba anaitwa babu tu. Naandika hili ili lijulikane.

Jumanne, 4 Machi

Habari kubwa! Ndege ya jeshi inaruka Jumamosi asubuhi na vifurushi vya familia. Kila askari boksi moja, kilo tano, hata gramu isizidi. Wazazi wake wako mbali kikazi, kwa hiyo boksi ni letu wazee. Boksi moja, mababu wawili. Hapo ndipo penye ugomvi.

Mzee Futikamba ni baba wa mke wa mwanangu, fundi cherehani. Futi haimtoki shingoni hata msibani. Amekuja anatabasamu, kashashona mto wa kulalia wenye jina la mjukuu kwa uzi mwekundu. Kasema mtoto ameomba soksi jozi tatu, sabuni, peremende za mnanaa na barua, basi, na yeyote atakayeleta makubwa atayabeba mwenyewe kwa miguu hadi jangwani. Aliniangalia mimi wakati anasema!

Hajui nina nini. Nina buti! Ngozi niliikata tangu mwezi alioondoka. Kwa mazoezi tu, mkono usisahau. Kalibu, ule mti wenye umbo la mguu wake, ninayo, mguu wa kushoto umezidi wa kulia kidogo, siri hiyo jeshi zima halina. Zimebaki soli. Nimepiga nyundo mpaka jirani kauliza kama nabomoa nyumba.

Sitamwandikia barua. Buti zitasema.

Alhamisi, 6 Machi

Tumefunga boksi mezani kwangu. Soksi, vipande vinne vya sabuni, peremende, mto. Barua ya mke wangu ukurasa mmoja. Barua ya Futikamba kurasa kumi na nne! Mtu hata kitambaa hubana, lakini maneno anamwaga.

Nikaleta buti. Nikaziweka juu ya meza kama mtu anayeingiza jogoo wake ulingoni. Futikamba kazipima kwa futi, mshono kwa mshono, hakukuta kosa, nikaona jinsi alivyoumia. Kisha kasema ni nzuri ila jeshi limeshampa buti. Buti za jeshi! Zile za gundi! Mke wangu kasema vitu vyote havitaenea na mtoto aliomba soksi. Wawili kwa mmoja. Nimeshindwa kura ndani ya nyumba yangu.

Nikakubali mara moja, na tabasamu juu. Mke wangu kasema nikikubali haraka hivyo ni heri mtu akahesabu vijiko kama vyote vipo. Nikajitolea kulipeleka boksi kesho, likae kibandani maana pako karibu na barabara. Wakaridhika. Watu wazuri sana, wepesi kudanganyika.

Nilipofika nalo kibandani tu, nikakata utepe wa gundi. Mto nje! Soksi nje, mguu ulio ndani ya buti yangu hauhitaji soksi. Sabuni mbili nje. Barua ya kurasa kumi na nne nje. Buti ndani!

Sasa, buti haisafiri tupu. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu: kiatu kitupu husinyaa, ukijaze karatasi. Tena kambini, kwenye dirisha la vifurushi, hutikisa boksi, likigonga wanalifungua. Nikatafuta magazeti. Hakuna! Futikamba hununua magazeti yote ya mtaa kukatia vielelezo vya nguo. Adui hata kwa hili! Basi nikachukua daftari langu la zamani, lile lililojaa. Nikachana ukurasa kwa ukurasa, nikafinyanga, nikashindilia buti mpaka kooni. Nikatikisa. Kimya kama kaburi. Uzito nimeupima kwa mkono. Mkono huu umepima ngozi miaka sitini. Kilo tano kamili.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Lakini nusura nife.

Foleni imepinda mpaka nje ya geti la kambi. Dirishani yuko koplo wa kike, miwani, mhuri mkononi, hacheki na mtu. Na nyuma yangu nani? Futikamba! Kaja eti kunisindikiza.

Koplo kaweka boksi kwenye mizani. Kilo tano na gramu sabini. Nikamwambia mizani yake inaumwa. Kasema mizani ya jeshi haiumwi, mzee, toa kitu au upishe wenzako. Futikamba hapo hapo kajipenyeza, kasema tufungue, yeye atachagua cha kutoa. Afungue! Aone mto wake haumo!

Akili yangu si ya kawaida. Nikapasua pembe moja, nikaingiza vidole viwili, nikatoa pakiti ya peremende. Nikazigawa foleni nzima! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kaniombea maisha marefu. Futikamba nikampa mbili. Kashukuru, kasema kumbe nina roho nzuri, watu wananisingizia. Alizinyonya huku anatabasamu, maskini.

Koplo kapima tena. Tano kamili! Katikisa. Kimya. Mhuri: paa!

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Kimenuka. Mke wangu kaingia kibandani kufagia. Siku hamsini hafagii, leo kafagia. Kakuta mto, soksi, sabuni na barua chini ya benchi.

Kamwita Futikamba. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nayo ya kurudisha. Hakutukana. Kakaa kwenye benchi la wateja, kaupangusa mto vumbi, kamwomba mke wangu afungue ile barua asome kwa sauti. Kurasa kumi na tatu ni salamu na bei ya uzi. Ya kumi na nne nainakili, maana mke wangu kaniomba nisisahau: “Mjukuu wangu, ukipiga simu muulizie na mume wako. Huyu mzee ni mkaidi lakini amekonda. Ukishakata simu huingia kibandani, na nyundo haisikiki.”

Nikasema sijakonda, suruali zangu zinanikaa vile vile. Futikamba kasema anajua, maana suruali zangu ni yeye anayezipunguza kiuno tangu mwezi wa pili baada ya mtoto kuondoka, mke wangu humpelekea kwa siri.

Nikasema sihitaji wakili.

Walipotoka nikataka kuangalia kwenye daftari la zamani tarehe aliyoondoka, nione miezi ni mingapi kweli. Nikanyoosha mkono rafuni. Jalada tupu.

Mungu wangu! Ukurasa wa siku ile! Siku ile niliandika vitu. Niliandika kwa sababu daftari halina mdomo! Na sasa uko ndani ya buti, sijui ya kushoto au ya kulia!

Nimekimbia mpaka dirishani na makubazi mkononi. Koplo kasema ndege imeruka saa mbili asubuhi. Nikamwambia airudishe. Kaniletea kiti na maji.

Ijumaa, 28 Machi

Ndege imerudi na barua! Bahasha ina jina langu. Langu peke yangu! Futikamba kaigeuza mara tatu kuhakikisha.

Nimejifungia kibandani, nikaisoma herufi kwa herufi. Inaanza: “Mume wangu mzee.”

Kasema buti zimemkaa kama zimeota mguuni, ila kamanda hawaruhusu kuvaa zisizo za jeshi. Zimesimama kando ya kitanda, moja inabeba tochi, nyingine mswaki. Kasema ana soksi moja isiyotoboka. Kasema yeye na wenzake saba hemani wamezinyoosha karatasi zangu zote, wamezipanga kwa tarehe, wanasoma ukurasa mmoja kila jioni. Ile ya mimi na mwenye nyumba wa pili imewachekesha mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Kisha hivi: “Ule wa siku niliyoondoka sikuwasomea. Nimeuweka mfukoni. Babu, nilisimama mlangoni pako nikisubiri nyundo ilie, nijue una kazi. Haikulia. Miezi saba nilidhani umenikasirikia. Kumbe hukuwa na msumari hata mmoja mdomoni, ulikuwa unalia na ulikuwa huna sauti ya kufungulia mlango. Jumapili nitapiga. Uishike simu mwenyewe.”

Gundi ya kibandani ni kali sana leo. Macho yamewasha.

Jumapili, 30 Machi

Saa nne kamili, simu! Futikamba kavaa koti. Mke wangu kaweka spika, sauti ikasema: mume wangu yuko?

Na mimi, kwa wasiwasi, nilikuwa napigilia kisigino tangu alfajiri. Misumari sita mdomoni! Safari hii ya kweli kabisa! Nimeitema yote sakafuni, mmoja ukamchoma Futikamba kidole cha mguu, kaguna bila kutukana. Tumeongea dakika kumi na moja. Nimemweleza kuhusu ngozi. Yeye kacheka. Mwishoni kasema, babu, nakuomba, boksi lijalo soksi. Nikamwahidi mbele ya watu.

Ndege inayofuata ni mwezi ujao. Kule hemani wako wasichana wengine saba, wote wanavaa zile buti za gundi! Nimeshaomba saizi zao. Jozi saba. Nikianza na tatu, nikitoa mto wa Futikamba na labda soksi chache tu, kwa mkono wangu naona zinaingia kilo tano kamili. Daftari hili nalo likijaa, karatasi za kushindilia zitakuwepo.

Atakayetilia shaka niliyoandika amuulize koplo wa dirishani, mhuri anao. Amuulize mke wangu, ingawa ataongeza chumvi. Amuulize Futikamba, peremende mbili alikula.

Kuhusu asubuhi ile ya kwanza asimuulize mtu. Nilikuwa na misumari mdomoni.