Injinia na Pampu Iliyonyamaza

Inatangazwa kwa umma kwamba hakuna gari lililowahi kukohoa mbele ya Injinia lisipone kwa aibu tu! Cheo cha uinjinia alijipa mwenyewe, akajipongeza mwenyewe, na makofi akajipigia.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa gari lake, kuukuu kuliko ndoa yake. Mama mkwe ameshaketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani, basi lake linaondoka saa nane kamili. Tangu siku ya harusi mama huyu husema mkwewe ni mdomo mtupu. Leo ndiyo leo, lazima afute kauli!

Injinia akazungusha ufunguo. Stata ikahangaika weee, gari likagoma.

"Umesikia huo ukimya, Mama? Pampu ya mafuta hailii. Kaugonjwa kadogo."

"Saa saba na robo, baba."

Fyuzi? Nzima. Rilei, kile kidude cha kupitishia umeme? Akaazima ya honi, kimya kilekile. Pampu yenyewe iko chini ya kiti cha nyuma, basi ikabidi amwombe mama mkwe ainuke, kwa adabu ya mtu anayehamisha makao makuu ya serikali. Akafunua kifuniko, akagusisha taa ya kupimia kwenye waya. Giza!

"Umeme unatoka mbele, Mama, ila huku haufiki."

"Unaishia wapi?"

"Njiani."

"Kama wewe siku ya harusi."

Injinia akang'oa zulia alilolifagia jana kwa heshima ya safari hii. Chini ya kiti cha dereva, lahaula! Waya wa pampu umekatwa katikati, ukaungwa kwenye kiswichi kilichozongwazongwa utepe mweusi.

"Hujuma!" akanguruma. "Juha gani huyu? Utepe kauviringa kama bandeji ya mkia wa paka! Nikimtia mkononi fundi huyu, namrudisha chekechea!"

Mama mkwe akainama, akabonyeza kiswichi. Vuuuu! Pampu ikaimba.

Kisha akavaa miwani, akasoma kikaratasi kilichobandikwa pembeni: "'Swichi ya siri. Kukomesha wezi.'"

Akakisogeza karibu na pua.

"Mwandiko huu ninao nyumbani, kwenye barua ya kumwomba binti yangu. Huyo juha unamfahamu, baba?"

Injinia akakumbuka ufagio wa jana ulivyopita palepale kwa kishindo, ukakizima kiswichi.

"Ni mimi, Mama."