Miguu ya Kupimia Vyumba

Wapangaji na wenye nyumba wa Mbeya, habari njema imefika: kuanzia tarehe mosi Machi, mwaka huu wa 1956, ughali wa vyumba umekomeshwa. Haukupunguzwa, umekomeshwa. Nasema kwa uhakika kwa sababu mmoja wa waliokomesha ni mimi, Mwanakhamisi, mjane wa fundi cherehani, darasa la nne, Mjumbe wa Kamati ya Unafuu wa Vyumba, upande wa Miguu.

Nieleze upande huo. Kamati, chini ya Mwenyekiti Bwana Muhidini, ilikaa wiki sita ikinywa chai na kuchunguza kwa nini watu wanalia kodi. Ikagundua kwamba tatizo si kodi. Tatizo ni vyumba kutopimwa, hata mtu hajui hasa analilia nini. Ikaamuliwa kila chumba kipimwe kwa nyayo, kisigino kwa kidole, kuzunguka kuta zote, na kila unyayo ulipiwe robo shilingi kwa mwezi.

Nyayo za nani? Hapo ndipo nilipoitwa. Mtaa mzima unajua kwamba tangu afariki mume wangu, kila siku hutoka uani nikapima kivuli changu kwa miguu, nijue kama alasiri imeingia.

"Miguu ya Bi Mwanakhamisi haijapata kusema uongo," alisema Mwenyekiti. Akaamuru iandikwe katika kanuni kwamba upimaji utafuata utaratibu ule ule wa kivuli cha sala. Aliyaweka hayo ili asitokee wa kumpinga. Nami sikupinga. Astaghfirullah, nilikwenda kuipaka miguu yangu mafuta ya nazi.

Miguu yangu ni midogo. Kamati haikuona ubaya, maana wajumbe wote tulikuwa wenye nyumba. Nilipita mtaa mzima taratibu kama bibi harusi, na kila chumba nilichoingia kilikua.

Mwisho nikaja kwangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili: kimoja nalala mimi, cha pili alipanga Lea, mama Yohane, Mhehe wa Iringa, Mlutheri, mjane mwenzangu, mfua nguo za watu. Alikuwa akilipa shilingi kumi. Nilizunguka kuta, nikapata nyayo hamsini na mbili. Shilingi kumi na tatu.

"Kamwene, Bi Mwanakhamisi," alinisalimu kikwao. "Nasikia chumba kimenenepa."

"Hakikunenepa, mama Yohane. Kimejulikana."

"Mbona mimi na wanangu watatu hatujaona pa kunyooshea mguu?"

"Hayo mambo ya vipimo, dada."

"Basi vipimo vije vilale na watoto! Hiyo shilingi tatu sina. Mwezi ukiisha nabeba masufuria yangu narudi Iringa, na Yohane shule ndiyo basi."

Nilimwambia Mungu atafungua njia. Kisha nikaingia ndani kuwaza mabati, maana paa langu linavuja.

Kesho yake nilikuwa uani napima kivuli, Lea anaanika mashuka ya watu.

"Hebu niambie," akasema. "Mimi nikitaka kujua saa kwa kivuli changu, nitumie miguu yako?"

"Haiwezekani. Kila mtu kivuli chake, kwa miguu yake. Ukitumia ya mwenzio utapotea."

"Ehee," alisema Lea, akakung'uta shuka. Angeongeza neno, ningepata la kumjibu.

Sala ya siku ile haikukaa moyoni, wala ya kesho yake. Nilivumilia siku tatu, kwa kuwa mabati ni mabati. Siku ya nne nikaenda ofisini.

"Bwana Mwenyekiti, kanuni tunaivunja wenyewe. Utaratibu wa kivuli ni kila mtu kwa miguu yake. Chumba kipimwe kwa miguu ya anayekaa humo."

"Bi Mwanakhamisi, umechoka. Nenda kapumzike."

"Nimemuuliza shehe. Amesema tukiendelea kuitumia sala kupandishia kodi, atalisema Ijumaa mbele ya watu."

Bwana Muhidini husali safu ya mbele. Alitia sahihi.

Miguu ya Lea imepanda na kushuka milima ya Iringa tangu utoto, mzigo kichwani. Nyayo zangu hamsini na mbili kwake zikawa thelathini na tisa. Kodi ikashuka chini ya ile ya zamani. Niliduwaa kama mtu aliyeibiwa, mpaka nikakumbuka kwamba mwizi ni mimi.

Ikabaki nyumba ya ofisi anamokaa Mwenyekiti kwa kodi, maana zake mwenyewe kapangisha zote: vyumba sita na baraza. Miaka yote Bwana Muhidini alijisifia miguu midogo ya kiungwana. Siku ya kupimwa alitoka nje kavaa mabuti ya wachimba dhahabu wa Chunya, anatembea kama bata.

"Kivuli cha sala hupimwa na mabuti?" Lea aliuliza kutoka katikati ya watu.

"Peku," nikasema.

Akavua. Likatoka gazeti, zikatoka soksi tatu, mwisho ukatoka mguu.

"Jamani, si wa mtoto mchanga huo!" mama mmoja akasema kwa huruma ya kweli.

Nyumba ikawa ghali kuliko zote mjini, na mshahara wake haukuifikia. Kanuni haikufutika, ilikuwa imebandikwa sokoni na sahihi yake chini. Basi akatafuta mkaaji mwenye miguu ya kuipunguza kodi. Lea akahamia vyumba vya mbele na wanawe, akaandikwa mwenye makazi. Bwana Muhidini, mlipaji, akaandikwa mgeni. Na kanuni ya kumi na moja, aliyoitunga yeye, inasema mgeni akizidi wiki aombe ruhusa kwa mwenye makazi.

Kila Jumatatu akawa anasimama barazani, kofia mkononi.

"Kaa tu, Bwana," Lea humwambia. "Ila zunguka nyuma, hapa nimepiga deki."

Mimi nikabaki na chumba kitupu. Alikuja dereva wa lori la mpunga kutoka Chimala, mtu mpole, mcha Mungu. Nilimtazama usoni, kisha nikatazama chini. Nikamwambia kimeshapata mtu. Astaghfirullah.

Jana ikabishwa hodi tena. Alikuwa Bwana Muhidini, na sanduku lake mkononi. Amechoka kuomba ruhusa, anatafuta chumba kimoja tu, cha heshima.

Nilitazama chini.

"Karibu, Bwana Mwenyekiti," nikasema. "Vua viatu."

Nyayo hamsini na tano. Mabati yanakuja Jumanne.