Friji la Komamanga

Siku Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba saratani sasa imepatiwa kamati, Mkurugenzi wa hospitali, mwenyekiti wa kamati hiyo, alifumba macho akamshukuru Mungu, aliyeumba matunda yote bila kuyaandikia mwongozo, kazi hiyo akamwachia yeye. Kola ilimbana shingo, akavumilia.

"Kuanzia leo," aliwatangazia wagonjwa wodini, "kila mmoja atapata dondoo, yaani juisi nzito, la komamanga kama tiba ya nyongeza. Watafiti bado wanalichunguza. Sisi hatuna muda wa kuwasubiri."

Dondoo halitaki joto. Basi dawa za dripu zikatolewa kwenye friji la wodi, chupa za komamanga zikaingia. Dawa ziliwekwa dirishani zipate hewa. Wiki haijaisha, zikaharibika kwa joto, mfamasia akazitupa zote.

Mwalimu wa chekechea alikuja kuwekewa dripu yake, akapewa glasi.

"Mwanangu," alimwambia nesi, "dawa yangu iko wapi?"

"Mama, tunayo nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

Nesi akamtazama Mkurugenzi, aliyekuwa akikagua chupa.

"Mama, swali hilo liko nje ya majukumu ya kamati," Mkurugenzi alisema kwa upole.

"Basi baba, niongeze glasi nyingine, hii isikae mpweke."

Wagonjwa wakacheka. Kamati ikaripoti kicheko hicho kama dalili ya nafuu.

Mkurugenzi alinunua shati la kola pana, kisha pana zaidi. Mwishowe mkewe alimpapasa shingo, akakuta uvimbe, akamkokota hadi kwa daktari. Kinyama kikakatwa shingoni, kikapimwa. Ilikuwa saratani, ya ile aina inayosikia dawa ikiwahiwa.

Aliingia wodini kwa mlango wa nyuma, akaketi, akakunja mkono wa shati. Nesi akamletea glasi.

"Dada, dawa yangu?"

"Mzee, tunayo nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

Kwenye kiti cha jirani, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amekonda, akamgeukia.

"Swali zuri, mwanangu. Hebu lirudie kwa sauti, na wenzako wasikie."

Mkurugenzi akatoa simu, akalirudia kwa Waziri.

Jioni hiyo gari la bohari ya dawa lilifika na king'ora. Kumbe dawa nyingine zilikuwepo siku zote; zilikuwa zinasubiri nafasi kwenye friji. Nesi akaanza na mwalimu, akafuata foleni kiti kwa kiti. Mkurugenzi, mgeni wa mwisho kufika, alisubiri zamu yake na glasi mkononi, akiomba Mungu kimyakimya, safari hii bila kumshauri.