Salamu Zinazofukuza Samaki Mto Ukijaa

Forest, Brussels, katikati ya Januari

Kwa Papa Kabeya,
Mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi wa Jumamosi,
Galerie d'Ixelles

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sitauliza zaidi ya hapo, kwa sababu utakazozielewa hapa chini.

Naomba niruhusiwe kuvua peke yangu. Kanuni ya chama naijua: mwanachama aliyepita miaka sabini hafuati mto uliojaa bila mwenzake. Mlinipa Omari, jirani yangu wa zamani wa Buyenzi, kule Bujumbura. Ni mtu mwema, na malalamiko yote yafuatayo yanatokana na wema wake.

1. Wakati wa baridi, mto wetu mdogo unapojaa na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, samaki hukimbia mkondo na kujibanza kandokando, nyuma ya mti ulioanguka au kwenye kona yenye maji yaliyotulia. Kwa hiyo mvuvi hakai mahali pamoja. Hubeba fimbo moja ya kuvulia na mkate wa chambo mfukoni, hutupa ndoana, husubiri kidogo, kisha husogea kona inayofuata akinyata kama anayepita penye mtoto aliyelala. Sasa, Omari alilelewa vizuri. Kwao, mtu akifika mahali anasalimia. Na kila kona, kwake, ni mahali tulipofika.

2. Salamu zenyewe ni za Buyenzi, yaani hupita nyumba kwa nyumba. Huanzia kwenye afya yangu, zikaingia kwa wanangu, zikavuka kwa shemeji yangu Hamza na goti lake, zikaishia kwa mbuzi wa jirani ambaye, kwa hesabu ya kawaida ya mbuzi, aliliwa zamani sana. Nilimsihi tuuhesabu mto wote kuwa nyumba moja. Alifikiri, akanijibu kwa upole: "Mzee mwenzangu, maji yangekuwa madogo ningekubali. Lakini yamejaa. Nyumba imepanuka."

3. Mwezi uliopita chevenne, yule samaki mwenye mdomo mpana tunayemtafuta wote, aliuchukua mkate wangu wakati Omari ameuliza habari za goti. Ningefanya nini? Huwezi kuvuta fimbo ukaliacha goti la shemeji hewani. Nilijibu kwamba linaendelea vizuri, alhamdulillahi. Nilipogeuka, samaki naye alikuwa ameshaendelea.

4. Kuna Mbelgiji mmoja mstaafu anayetembeza mbwa wake ukingoni. Sasa na yeye husimama na kuniuliza, kwa Kifaransa, goti la Hamza linaendeleaje. Juzi aliniletea marhamu. Na nina sababu ya kuamini kwamba samaki nao wameujua utaratibu: tukiwa kwa watoto bado wapo, tukifika kwenye goti wanajiandaa, na tukimtaja mbuzi, wameshafika chini ya daraja.

5. Hili naliandika kwa uzito. Mke wangu Rukiya ulimzika nasi, na Omari alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hata hivyo, kila kona ananiuliza: "Na Rukiya?" Anasema nyumba hairukwi kwa sababu mwenyewe hayupo. Nami, kwa kuwa swali hilo lina jibu moja tu, hujibu: "Hajambo." Mtu wa umri wangu anasema uongo kutoka kona hadi kona, mbele ya samaki.

Kutokana na hayo, napendekeza salamu ziwe na kibali cha mwaka, kama uvuvi. Ziwe pia na kipimo: samaki mfupi hurudishwa majini, basi salamu ndefu irudishwe kwa mwenyewe. Habari za mashemeji zifungiwe msimu, kuanzia Desemba hadi maji yapungue. Haya yakishindikana, chama kiwaombe wakubwa wa mji waufunike mto huu wote kwa saruji, kama walivyoufunika pale katikati ya mji. Utakuwa chumba kimoja chenye dari, na salamu moja itatosha.

Kwa leo naishia hapo. Nisalimie Maman Lucienne wa saluni, mama yake, na yule mjukuu aliyepata kazi Uccle. Msalimie Polycarpe, umuulize kama jino limepoa, na mkewe, na dada ya mkewe aliyekuwa anahama, kama amepata nyumba yenye lifti. Wasalimie wa duka la vitambaa, wa zamani na hawa wapya. Waliobaki nitawafikia nikipata karatasi nyingine.

Wako katika ukimya,
Mzee Nassoro

Nyongeza: Barua hii imekaa wiki nzima kwenye koti. Jumamosi nilivunja kanuni nikaenda peke yangu kutafuta ushahidi, na nilikuwa sahihi. Kona ya kwanza nilipata chevenne. Ya pili, mkubwa zaidi. Ya tatu nilisimama bila kutupa ndoana. Nilikuwa nimefika, na hakuna aliyesema neno. Ng'ambo alikuwepo korongo, nikamsalimu. Nikamuuliza habari za watoto, nikamuuliza na za goti, ambalo kwa korongo si jambo dogo. Akaruka kabla ya kuniuliza mimi chochote.

Basi ichane barua hii. Jumamosi Omari anikute darajani kama kawaida. Mwambie safari hii aanze na Rukiya.